Unataka kujijengea vifaa vya studio? Nunua zana kwa mpangilio huu

Wengi wanaoanza kujijengea priampu, kompresa au maiki humaliza hela kwenye seti yenyewe ya vipuri: transfoma ya kifahari, kapasita zenye majina makubwa, kasha la aluminiamu lililochongwa vizuri. Siku ya kuwasha, bodi inakaa kimya, na mezani hakuna kitu cha kuonyesha tatizo liko wapi. Mimi naamini hela itangulie kwenye zana. Seti ya kawaida iliyolehemiwa vizuri na kupimwa itakupa sauti safi kuliko seti ghali iliyounganishwa kwa kubahatisha.

Nimezipanga zana hizi kwa kuangalia kila moja inakamata makosa mangapi kati ya yale yanayojirudia: risasi isiyoshika, kipuri kilichogeuzwa, waya wa ethi uliosahaulika, umeme usiofika unakotakiwa.

1. Chuma cha kulehemu chenye kudhibiti joto

Hapa usibane matumizi. Chaguo langu la kwanza ni stesheni ya mezani ya wati 60 hadi 70, mfano wa Hakko FX-888D. La pili ni chuma kidogo cha aina ya Pinecil, ambacho hutumia umeme wa USB-C au adapta ya volti 12 hadi 24, na ambacho kwa priampu za kawaida kinatosha kabisa. Cha mwisho, na nakusihi ukiache dukani, ni kile kinachochomekwa moja kwa moja ukutani bila udhibiti wowote. Kikikaa bure kinapitiliza joto na kuunguza bodi. Ukigusa eneo pana la ethi kinapoa, risasi inaganda juu juu bila kushika. Kiungo cha namna hiyo ndicho baadaye huleta mikwaruzo inayokuja na kupotea kila ukigusa kasha, na kukitafuta kunachosha kuliko kujenga bodi nzima upya.

Chukua ncha bapa ya milimita 2 hivi, si ile iliyochongoka kama sindano, kwa sababu bapa hupeleka joto haraka. Kwa risasi (waya wa kulehemu), nachagua mchanganyiko wa 63/37, yaani bati asilimia 63 na madini ya risasi 37, wenye unene wa milimita 0.7 au 0.8. Huyeyuka kwenye nyuzi 183 na kuganda papo hapo bila kupita hali ya uji uji, kwa hiyo mkono ukitikisika kidogo kiungo hakiharibiki. Ile isiyo na madini ya risasi huyeyuka karibu nyuzi 217 na inahitaji mkono uliozoea. Ukitumia yenye madini hayo, nawa mikono kabla ya kula, na moshi usiuvute. Fluksi, yaani dawa ya kusaidia risasi ishike, iwe ya utomvu. Ile ya asidi ya mafundi bomba itatafuna bodi yako.

Ongeza pampu ya kunyonyea risasi na utepe wa shaba. Ni vitu vya bei ndogo, na utavihitaji mapema.

2. Multimita

Unachotafuta ni mlio wa kupima mwendelezo (kama njia ya waya haijakatika) unaoitika bila kuchelewa, kipimo cha dayodi, milivolti za AC, na daraja la usalama la CAT III 600 V. Mengine ni mapambo.

Mfano wa kazi yake ni umeme wa maiki wa volti 48. Weka waya mweusi kwenye pini 1 ya XLR (plagi ya maiki ya pini tatu), mwekundu kwenye pini 2, kisha 3. Pande zote mbili zisome karibu volti 48, na zilingane. Umeme huo hupitia rezista mbili za kilo-omu 6.8, na kinachojali zaidi ni kulingana kwao: tofauti isizidi asilimia 0.4, yaani omu 27 hivi. Huhitaji kununua rezista maalumu. Nunua kumi za kawaida za asilimia 1, zipime zote kwa mita ileile, chagua mbili zinazofanana zaidi. Hata kama mita yenyewe haiko sahihi sana, ulinganisho utakuwa sahihi.

Kwa chipu za kukuza sauti za NE5532 au TL072 zinazotumia umeme wa pande mbili, pini 8 isome chanya, pini 4 hasi, na pini 1 na 7 zikae karibu na sifuri zikipimwa kwa DC. Ukikuta moja imeng'ang'ania karibu na volti za umeme wenyewe, kagua rezista za mrejesho na uelekeo wa chipu kabla ya kulaumu chipu.

Tahadhari moja: mita nyingi za bei ya chini hazisomi AC kwa usahihi juu ya hezi mia kadhaa. Ukitaka kupima kiwango cha sauti, tuma toni ya hezi 200. Kiwango cha studio cha +4 dBu (kipimo cha desibeli) ni volti 1.23.

3. Balbu ya kinga

Hii ni balbu ya zamani ya nyuzi, iliyoungwa mfululizo kati ya umeme wa ukutani na kifaa unachokiwasha mara ya kwanza. Taa ya LED haifai. Kwa priampu ndogo tumia ya wati 40. Kwa ampu kubwa, 100. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zinajaa na mambo ni salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Inaokoa transfoma. Haikulindi wewe dhidi ya kupigwa na umeme, na ndiyo maana siwashauri wanaoanza wajenge vifaa vya vali (mirija ya kioo ya kizamani), ambavyo ndani yake volti 250 au 300 hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi.

4. Kadi ya sauti uliyonayo

Usinunue kitu. Pakua Room EQ Wizard, ambayo ni ya bure, zima volti 48 kwenye kadi, na una maabara ya kupima mwitikio wa masafa na upotoshaji. Muungurumo nao utausoma kwa namba: mahali penye umeme wa hezi 50, mstari mkubwa kwenye 50 huelekeza kwenye ethi au transfoma iliyo karibu mno na ingizo, mstari kwenye 100 huelekeza kwenye kapasita za kuchuja umeme. Penye umeme wa hezi 60, soma 60 na 120.

5. Kipima vipuri

Vile vidude vidogo vinavyotumia chipu ya ATmega328 hutambua transista, miguu yake, na kupima ESR (ukinzani wa ndani) ya kapasita. Vinafaa sana kwa anayefufua vifaa vya zamani. Anayejenga seti mpya anaweza kungoja. Kapasita imalizwe chaji kabla ya kuipima, la sivyo kipima kinakufa.

6. Osiloskopu

Najua wengi wangeiweka juu. Ni chombo kizuri cha kuchora mawimbi ya umeme kwenye skrini, lakini za kawaida zina biti 8 tu, kwa hiyo upotoshaji mdogo hutauona kwenye skrini; kadi ya sauti inaushinda hapo. Inachofanya peke yake ni kuonyesha chipu inayotetema kwenye mamia ya kilohezi au zaidi, juu kabisa ya masafa ya kadi. Dalili ni chipu kuwa ya moto na sauti kukwaruza bila sababu. Basi ukinunua, iwe ya chaneli mbili na megahezi 50 kwenda juu. Ile ndogo ya DSO138 inaishia kilohezi 200 na itakuficha tatizo lenyewe. Kabla ya hapo, jaribu kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini za umeme za chipu. Mara nyingi mtetemo huisha.