Fomu iliyomwambia mama wa watu kwamba jina lake si sahihi

Nilifungua ukurasa huu wa maoni kuhusu programu-jalizi ya fomu (kiongezo kinachotengeneza fomu kwenye tovuti) nikiwa nimeshaamua: nyota moja, basi. Nimetulia kidogo, kwa hiyo nieleze.

Nina tovuti ya chama, na wanachama wapya hujisajili humo kwa fomu. Programu-jalizi hii nimeilipia. Kazi ya kuunda fomu inaifanya vizuri sana, sitaikana: unaburuta visanduku, unakificha kimoja mpaka mtu ajibu "ndiyo" kwenye kingine, unaandika ujumbe wa kosa kwa Kiswahili chako mwenyewe. Kwa miezi kadhaa niliisifu kwa kila aliyeniuliza.

Halafu siku moja akanipigia simu mama mmoja, mtu mzima. "Mwanangu, kompyuta yako inasema jina langu si sahihi."

Alikuwa amejaribu mara tatu. Kila akibonyeza "Tuma", fomu inampandisha juu kwenye maandishi mekundu, na alichokijaza chote kimefutika: anwani, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu. Jina lake la ukoo lina ng'. "Ndilo nililozaliwa nalo," akaniambia, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionichoma. Nilikosa la kusema zaidi ya samahani mama.

Kumbe sasisho la karibuni lilifuta kanuni ya herufi zinazokubalika niliyoiweka mwenyewe kwenye kisanduku cha jina, likaweka ya kwao: A hadi Z, nafasi na kistari. Ritifaa, ile alama ya ', haimo. Hata é haimo. Hakuna aliyeniarifu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Ndugu mteja, waelekeze watumiaji wako waandike majina bila alama maalumu." Kisha wakafunga tiketi, yaani lalamiko langu likahesabiwa limekwisha.

Alama maalumu! Ritifaa ya ng' si pambo. Ng'oa ni kung'oa; ukiitoa inabaki ngoa, nayo ni tamaa au wivu, neno jingine kabisa. Mtu aandike jina lisilo lake kwenye rekodi ya chama chake kwa sababu wao walichoka kuongeza alama moja kwenye kanuni? Niliwajibu hivyo hivyo. Hawajarudi mpaka leo.

Nikakaa jioni nzima kurekebisha mwenyewe. Niliondoa kanuni upande wa kivinjari, seva ikaendelea kukataa, kwa kuwa uhakiki unafanyika mara mbili: kwenye kivinjari cha mtu, kisha kwenye seva inayopokea fomu. (Hilo silalamikii. Wa kivinjari mtu anaweza kuukwepa, wa seva ndio ulinzi wenyewe.) Kwa haki yao, wameacha mlango: unaweza kuandika kanuni yako upande wa seva, kwenye faili lako, na sasisho halitaigusa. Nikaruhusu herufi yoyote ya Yunikodi (mfumo unaoipa kila herufi ya kila lugha namba yake) pamoja na ritifaa. Nikajaribu kwenye kompyuta, ikakubali. Nikajaribu kwenye simu, ikakataa! Kibodi ya simu yangu huweka ritifaa iliyopinda, U+2019, na mimi nilikuwa nimeruhusu iliyonyooka tu, U+0027. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa seva ni vitu viwili. Ukiandika kanuni ya majina, weka zote mbili.

Sasa inafanya kazi, tena vizuri kuliko mwanzo, na nilipofika hapa nilikuwa naelekea kwenye nyota tatu, pengine nne. Chombo chenyewe ni kizuri.

Lakini jana nilitaka kujua ni wangapi walikwama kabla ya yule mama. Haiwezekani. Fomu iliyokataliwa haihifadhiwi popote. Yeye nilimpigia, akajaza mara ya nne, ikapita. Wale ambao hawakupiga simu, walioambiwa na tovuti yangu kwamba jina la baba yao ni kosa wakafunga ukurasa kimya kimya, sina pa kuwapata.

Nyota mbili.