Agroveti (duka la dawa na vyakula vya mifugo) ya nyuma ya soko la Kongowea, Mombasa, kwa wenye watoto wa simbilisi (guinea pig) waliofiwa na mama

Nyota tano, na sio kwa bei wala kwa wingi wa vitu, manake duka lenyewe ni dogo, magunia ya chakula cha kuku yamejaa mlangoni mpaka unapita upande, ndani rafu mbili tatu za dawa na kaunta basi. Nyota tano ni kwa sababu hapa nilikataliwa kuuziwa vitu viwili na pesa ninayo mkononi, na vyote viwili vingenimalizia wale watoto.

Simbilisi wetu alizaa watatu akafa kesho yake. Sasa mtoto wa simbilisi ukimwona utadhani hana shida na mtu, anazaliwa na manyoya, macho wazi, meno yapo, siku hiyohiyo anakimbia, sio kama wa sungura anayezaliwa uchi na kipofu. Hapo ndio watu wengi hudanganyika, wanamtupia majani wanasema atakula mwenyewe. Kutafunatafuna kweli anaanza mapema, siku ya kwanza ya pili hivi, lakini maziwa huyanyonya kama wiki tatu, na zile siku za mwanzo akikosa maziwa ananyong'onyea hivihivi unamwona.

Nilipanda tuktuk na watoto kwenye kikapu, taulo chini taulo juu. Muuzaji ni mtu wa makamo, mpole, hana haraka hata kama kuna foleni. Swali lake la kwanza halikuwa unataka kununua nini, aliniuliza, "Dadangu, nyumbani hamna jike mwengine anayenyonyesha?" Manake jike wa simbilisi kwa kawaida hawafukuzi watoto wa mwenzake, ukimpata mwenye watoto wachache unamwekea na wao na kazi yako inapungua nusu, ila asilemewe kwa sababu chuchu anazo mbili tu. Mie nilikuwa na jike mkubwa lakini hana maziwa. Akasema hata huyo ni wa maana, waweke pamoja kama hana fujo, watalala naye, watamwiga kula, na watakula zile kinyesi zake laini. Usishtuke, ndivyo mtoto anavyopata vijidudu vizuri vya tumboni vya kusagia majani, kwa mama yake angefanya hivyohivyo.

Kitu cha kwanza kukataliwa ni maziwa ya unga ya ndama. Yako pale kwenye rafu, yanauzwa, nikayaulizia, akasema hapana, haya ya ng'ombe yatawaharisha na mtoto wa gramu themanini akiharisha humuwahi. Yeye mwenyewe maziwa ya simbilisi hana, akanituma nikatafute maziwa ya mbuzi, nikayapata kwa mama mmoja Kisauni anayefuga. Nayachemsha, nayaacha yawe vuguvugu, ukidondoshea kwenye kifundo cha mkono usihisi moto wala baridi. Yakibaki yanamwagwa, hamna kuweka kiporo na kupasha tena.

Akaniuzia mabomba ya sindano ya mililita moja, yale madogo kabisa, bila sindano yenyewe, shilingi ishirini kila moja. Halafu akanionyesha, na kwangu mie hii ndio huduma ninayoilipia hapa. Akamchukua mdogo kuliko wote akamkalisha kwenye kiganja tumbo chini, miguu yote minne imekanyaga, kichwa kimeinuka kidogo tu kama anavyokuwa akinyonya. Sio kumlaza chali kama mtoto wa binadamu, hilo alilirudia mpaka nikamwambia nimeelewa. Ncha ya bomba inaingia pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele, unasukuma tone moja, unasubiri. Ukitazama karibu utaona taya linachezacheza haraka haraka na ulimi mwembamba unatokeza, hapo ndio amemeza, sasa tone la pili. Ukisukuma kwa pupa maziwa yanaingia mapafuni, na ukiona yanatoka puani simama hapohapo, umwinamishe kichwa, umpanguse, usiendelee mpaka apumue vizuri. Nimonia ya maziwa inawaua wengi.

Siku ya kwanza ni nusu mililita hadi moja kwa mara, kila baada ya masaa mawili, halafu unaongeza kadiri anavyotaka. Akigeuza uso ameshiba, usimlazimishe. Usiku unaweza kuachanisha kidogo ila sio kulala mpaka asubuhi, na kwa kweli hiyo wiki ya kwanza nyumba nzima tulikuwa na macho mekundu, hata mamangu ambaye kwa kawaida hataki kusikia habari za wanyama ndani alishika zamu ya alfajiri akishamaliza kuswali.

Kila baada ya kulisha kuna pamba na maji vuguvugu, unampangusa taratibu chini ya tumbo na sehemu za haja mpaka akojoe. Mama yake angemlamba, wewe ndio ulimi wake sasa. Mtoto ambaye hajapanguswa anaweza kubaki na mkojo ndani akavimba, na wengi hawajui hili kabisa, wanashangaa mtoto ameshiba halafu amekufa. Inaendelea mpaka uone anajiendea mwenyewe, kama wiki moja au mbili.

Kitu cha pili alichonikatalia nilirudi kukitafuta baadaye, mmoja alikuwa amezubaa na jirani akasema mpe amoksilini, unafungua kapsuli unachanganya. Yule bwana akaweka mkono juu ya kaunta akasema hii siuzi kwa simbilisi. Dawa za jamii ya penisilini wakizimeza zinaua vile vijidudu vizuri vya tumboni, vibaya vinajaa na kutoa sumu, na simbilisi mzima kabisa anaweza kufa kwa siku chache. Akanielekeza kwa daktari wa mifugo, akamwangalia, akampa dawa nyengine na mtoto akainuka. Kuna maduka mangapi mjini yangesema "chukua mama, shilingi hamsini"?

Peleti za sungura anauza, ila anakwambia wazi hazina vitamini C ya kuwatosha simbilisi, manake simbilisi kama sisi binadamu mwili wake hauitengenezi, lazima aile, akikosa viungo vinavimba na ufizi unatoka damu. Kwa hivyo peleti zangu nazilowesha kwenye kifuniko cha chupa ya jemu, na pembeni wanapata pilipili hoho iliyokatwa nyembamba na sukuma wiki kidogo kutoka hapohapo sokoni. Vitunguu na parachichi hapana, hata kipande.

Joto ni mjadala mwengine. Ushauri mwingi unaozunguka ni wa watu wa baridi, mara taa, mara chupa ya maji moto. Huku kwetu wakati wa kaskazi, mchana unapita digrii thelathini na unyevu juu yake, ukiwasha taa juu ya boksi unawaoka, na simbilisi mkubwa ndio kabisa, joto linamuua haraka. Muuzaji alinishauri boksi likae sakafuni, feni izunguke chumbani isiwapulize moja kwa moja, na wawe na kona ya taulo ya kujifukia usiku. Jike wangu mkubwa namwekea chupa ya maji ya barafu niliyoizungushia kitambaa, anajilaza ubavuni mwake mwenyewe.

Sasa kasoro, manake zipo. Nyasi kavu za boma rhodes hazipo kila wakati, na robota lililokaa mlangoni siku za mvua nusa kwanza kabla hujalipa, langu moja lilikuwa na uvundo nikalirudisha, akabadilisha bila maneno. Ijumaa mchana wanafunga kwa swala, na kijana anayeshika duka jioni hajui mambo ya simbilisi, atakuuzia ulichotaja tu, kwa hivyo nenda asubuhi umkute mwenyewe. Pia hawauzi mizani ndogo, ya jikoni ya dijitali nilinunua Marikiti, na bila mizani usijaribu hii kazi kabisa. Pima kila siku saa ileile kabla ya kulisha, siku mbili za kwanza uzito ukishuka kidogo sio ajabu, baada ya hapo lazima upande, ukisimama ndio dalili ya mapema kabla hujaona kitu kwa macho.

Wote watatu wamepona, wameacha maziwa, wanapiga kelele wakisikia mfuko wa mboga unafunguliwa. Wawili ni madume na nimeshawatenga, yule bwana alinikumbusha mwenyewe bila kumuuliza kwamba wakifika wiki tatu wasikae na majike, wanaanza mapema hao. Malipo M-Pesa au keshi, maegesho ya gari hamna, shuka sokoni uingie kwa miguu.