Siki au kloridi ya feri: ipi itoe michirizi ya upanga wa kale?

Panga za Uajemi na India za chuma cha wutzi, yaani chuma cha kale chenye kaboni nyingi na michirizi usoni, zikisuguliwa zikang'aa, michirizi hupotea. Asidi huirudisha: hutia giza chuma laini, chembe ngumu za kabaidi (muungano wa chuma na kaboni) zikabaki nyeupe.

Kwa bei, siki haina mpinzani. Ile nyeupe ya dukani, ikipashwa moto kidogo, inatosha. Kloridi ya feri, kemikali yenye asidi inayokula metali, huuzwa kwa mafundi wa saketi za elektroniki. Ni ghali, ila huzimuliwa sehemu moja kwa maji matatu au manne, na hutumika tena na tena.

Kwa mwonekano mambo yanageuka. Siki hutoa kijivu hafifu, na huenda ukarudia mara kadhaa. Kloridi hutoa weusi wa kina ndani ya dakika chache. Tatizo ni hizo dakika: ukizembea, bapa linakwaruza kama msasa, na chuma kilicholika hakirudi.

Zote mbili hazivumilii mafuta. Alama ya kidole hubaki kama doa jeupe, basi futa kwa asetoni na uvae glavu. Kloridi pia hula sinki la alumini na kutia nguo madoa yasiyotoka.

Upanga wenye nakshi za dhahabu, paka siki kwa pamba. Ulio mtupu, nawe umeshajaribia kipande cha chuma kisicho na thamani, kloridi inafaa. Kisha suuza kwa maji ya magadi, kausha, paka mafuta ya cherehani.