Kuchagua Amplifaya ya Gita na Kuipata Sauti Yake Nzuri

Mtu anayetafuta amplifaya ya gita la umeme huuliza kwanza ina wati ngapi, na makosa mengi ya ununuzi huanzia hapo. Ukiongeza nguvu kutoka wati 50 hadi 100 unapata desibeli 3 tu zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huitambua lakini haimshangazi mtu. Ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa kuzidishwa takriban mara kumi. Wati 5 kupitia spika nzuri zinatosha kabisa kumwamsha jirani. Kwa hiyo jiulize kwanza utapigia wapi siku nyingi za wiki. Mpangilio ufuatao nimeufanya nikimfikiria mpigaji ambaye hufanya mazoezi nyumbani, na mara mojamoja hukutana na wenzake wenye dramu na gita la besi.

Nafasi ya kwanza naipa amplifaya ya kidijitali yenye spika ya inchi 12, na mfano wake bora ni Boss Katana ya wati 50. Sababu yangu kubwa ni swichi yake ya nguvu, inayokuwezesha kuchagua nusu wati, wati 25 au wati 50, hivyo sauti yenye mkwaruzo unayoipenda unaweza kuipata usiku bila kusumbua watu, kisha ukaibeba hiyohiyo hadi mazoezini. Ukubwa wa spika nao una maana: spika ya inchi 8 hutoa besi (sauti nzito za chini) nyembamba hata programu iliyo ndani iwe nzuri kiasi gani, na ndiyo maana sishawishiki na amplifaya ndogo zenye milio mia moja ndani yake.

Ya pili ni amplifaya ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista, yenye wati 15 hadi 22. Hapa kuna Fender Blues Junior na Vox AC15, zote zikitumia valvu mbili za EL84 kwenye hatua ya mwisho, na Fender Deluxe Reverb ya wati 22 inayotumia valvu za 6V6. Valvu zikisukumwa karibu na kikomo chake, sauti huanza kupasuka taratibu, kiasi kwamba ukigusa uzi kwa upole unasikia sauti safi na ukiupiga kwa nguvu unasikia mkwaruzo; mkono wako unakuwa ndio nobu, yaani kile kitufe cha kuzungusha. Hisia hiyo ninaipenda kuliko kitu kingine chochote katika upigaji wa gita, na bado sikuiweka ya kwanza, kwa sababu kikomo hicho hufikiwa kwa sauti ambayo chumba cha kawaida hakiwezi kuivumilia. Valvu pia huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Tena, amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe na kupigiwa bila spika kuunganishwa, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Ya tatu ni Roland ya aina ya Jazz Chorus. JC-120, iliyotoka mwaka 1975, hutumia transista na spika mbili za inchi 12. Korasi yake, ile athari inayofanya gita moja lisikike kama mengi, hupatikana kwa kupeleka sauti kavu kwenye spika moja na sauti inayoyumbayumba kwenye nyingine, zikachanganyika hewani mbele yako. Kwa nyumbani, JC-40 yenye spika mbili za inchi 10 inatosha. Mkwaruzo wake wa ndani haupendezi, kwa hiyo inunue ikiwa unapenda sauti safi au una pedali zako (visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti) tayari. Mtu asiyetoka nyumbani kabisa atahudumiwa vizuri na amplifaya ya mezani kama Yamaha THR. Zile za wati 100 zenye kabati la spika nne ziachie jukwaa.

Ukishanunua, iondoe sakafuni. Spika ya gita hupeleka trebo, yaani sauti kali za juu, mbele kwa mstari mwembamba kama mwanga wa tochi. Amplifaya ikiwa magotini mwako, wewe uliyesimama unasikia sauti iliyofifia, unaongeza trebo, na anayekaa mbele yako anachomwa masikio. Iweke juu ya kiti au iegemeze nyuma kidogo, ielekee uso wako, ndipo uguse nobu.

Anza na besi, midi (sauti za kati) na trebo zote katikati, na geni, nobu inayoongeza mkwaruzo, ikiwa chini. Weka kwanza ukubwa wa sauti utakaoutumia kweli, kwa kuwa sikio hubadilika kulingana na ukubwa huo: tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kuwa sauti ikiwa ndogo tunazisikia besi na trebo kwa udhaifu kuliko midi. Ndiyo maana mpangilio uliotengenezwa kwa sauti ya chini huvuma na kukwaruza ukiongeza volyumu. Nilipoanza kupiga na kikundi nilikuwa nimeshusha midi hadi 2, kwa kuwa peke yangu chumbani ilipendeza mno; dramu zilipoingia, gita langu likatoweka, na kila nilipoongeza volyumu niliongeza tu mvumo uliogongana na gita la besi. Nikapandisha midi hadi 6, nikashusha besi hadi 3, na gita likasikika bila kugusa volyumu.

Geni nayo ipunguze. Piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kamili ya nyuzi sita na usikilize kama unaweza kuutambua kila uzi. Ukisikia mngurumo mmoja tu, rudisha geni nyuma hadi nyuzi zitengane. Kumbuka pia kuwa nobu hazifanani kwa kila mtengenezaji. Deluxe Reverb haina nobu ya midi, hivyo ukishusha besi na trebo pamoja ndipo midi inapojitokeza. Nobu ya Tone Cut kwenye AC15 hufanya kazi kinyume na matarajio: ukiizungusha kulia, trebo inapungua.

Ukienda kujaribu amplifaya iliyotumika, nenda na gita lako mwenyewe. Iwashe bila kuchomeka waya wa gita na usikilize mvumo, zungusha kila nobu polepole ukitega sikio kwa mchakacho wa vumbi, kisha piga uzi mzito wa chini bila kuubana na usikilize kama kuna kitu kinachotetema ndani ya kabati. Usiifungue mwenyewe hata ikiwa imezimwa, kwa sababu kapasita za amplifaya ya valvu huweza kubaki na umeme wa kuua kwa muda baada ya plagi kuchomolewa.