Migomba: miche ya tishu au machipukizi?
Seli za ncha ya mgomba hubaki changa, hivyo kipande kidogo hukuzwa maabara kikawa mche kamili, ndio mche wa tishu.

Kwa bei, chipukizi linashinda. Kwa usafi, tishu: haiji na fukusi wala minyoo ya mizizi. Chipukizi huweza kubeba vyote viwili, kwa hiyo chagua lenye majani membamba kama upanga, menya tunguu (kitako chake cha chini chenye mizizi) hadi liwe jeupe, lizamishe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Usizidishe, litaiva.

Mche wa tishu hunyauka upesi ukikosa maji miezi ya mwanzo. Na udongo wenye mnyauko wa Panama, ugonjwa wa kuvu, huua migomba ya ndizi kisukari, iwe ya tishu au ya chipukizi.

Una umwagiliaji na mnunuzi anayetaka mikungu kwa pamoja? Tishu. Unategemea mvua? Chipukizi, kutoka shina lenye afya.