Maoni yangu kuhusu eCitizen: huduma iko sawa, walinzi je?

Wapendwa, hii nimetaka kuiandika kitambo. Watu wengi huongea kuhusu eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, wakiwa wamekasirika imekwama ama wakiwa na furaha pasipoti imetoka, mimi nataka niiangalie kama mtu anayesoma Biblia na anayelipa ushuru, kwa sababu hii si tovuti tu ya kulipia vitu, hapa ndipo malango ya mji wetu yalipo siku hizi. Leseni ya gari, cheti cha tabia njema, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kusajili biashara, yote inapitia hapo, na mwenye kushika malango ameshika mji.

Nianze na mazuri na nayasema kwa moyo safi. Pasipoti unajaza fomu ukiwa nyumbani, unalipa na M-Pesa, unachagua siku ya kwenda kupigwa picha na kuweka alama za vidole, basi. Wenye tunakumbuka Nyayo House ya zamani, ofisi ya pasipoti Nairobi, foleni tangu alfajiri na wale madalali wa nje wanakunong'onezea kwamba faili yako inaweza "kusukumwa", tunajua hii ni baraka. Pesa inaingia paybill moja ya serikali, 222222, na risiti unabaki nayo. Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana na kusema kweli eCitizen imenyang'anya watu wengi mizani ya hadaa mikononi. Ile ada ya kuongezwa ukilipa siipendi, lakini si hiyo iliyonileta hapa.

Kilichonileta ni usalama. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 kwa mpigo mmoja, na kabla hata mwezi uishe mfumo ukapigwa. Kundi linalojiita Anonymous Sudan likajitokeza likasema ni wao, eti Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Waziri wa ICT wa wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kwamba tumeshambuliwa ila akasema hakuna data iliyopotea. Kilichofanyika ni kwamba walituma maombi ya uongo mengi sana kwa wakati mmoja mpaka sava zikalemewa na mwananchi wa kweli hapati nafasi ya kuingia. Hawakuiba, walizuia mlango. Lakini angalia vile kuzuia mlango mmoja kulivyouma: wageni waliokosa viza ya mtandaoni ilibidi wapewe wakifika uwanja wa ndege, tiketi za treni zikasumbua, tokeni za stima zikasumbua, hadi M-Pesa ikayumba. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani kuhusu hilo kundi. Wawili! Si jeshi, si taifa.

Hapo ndipo namfikiria Nehemia, yule wa Biblia aliyejenga upya ukuta wa Yerusalemu. Sura ya nne, Sanbalati na Tobia wanapanga kuja kupiga Yerusalemu, na Nehemia anafanya mambo mawili pamoja, anaomba NA anaweka walinzi usiku na mchana. Halafu nusu ya watu wake wanajenga na nusu wameshika mikuki. Nusu, ndugu zangu. Sisi tulijenga huduma 5,000, na je, walioshika mikuki walikuwa wangapi? Nimesikia watu kanisani wakisema tuombee tu nchi Mungu atailinda, na ni kweli Zaburi 127 inasema Bwana asipoulinda mji yeye aulindaye akesha bure, lakini hiyo zaburi tayari ina mlinzi ndani yake, yuko macho, hakuambiwa aende alale.

Na kuna jambo linaniuma kuliko hata Wasudani. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ameeleza kwenye ripoti zake kwamba serikali yenyewe haina udhibiti kamili wa huu mfumo, sehemu kubwa iko mikononi mwa kampuni binafsi. Sisemi hao watu ni waovu, siwajui. Nasema Nehemia 13, Nehemia anarudi kutoka safari anakuta Tobia, yule yule, amepewa chumba kikubwa ndani ya nyumba ya Mungu pale palipokuwa pakiwekwa zaka, na aliyempa ni kuhani! Nehemia hakuunda kamati, alitupa vyombo vyote nje akaamuru vyumba visafishwe. Ukuta unaweza kuwa mrefu namna gani, kama hujui nani ana ufunguo wa ghala umefanya nini? Sura ya saba pia, malango alimkabidhi Hanania kwa sababu alikuwa mwaminifu na mcha Mungu kuliko wengi. Sifa ya kwanza haikuwa bei ya tenda.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Ile sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ilifanyiwa marekebisho yaliyotiwa sahihi Oktoba 2025, na mwezi huo huo mwimbaji wa injili Reuben Kigame pamoja na KHRC, shirika lisilo la serikali la haki za binadamu, wakaenda Mahakama Kuu, nayo ikasimamisha baadhi ya vipengele. Kimoja kina faini ya hadi milioni 20 ama jela miaka 10. Warumi 13 naiamini kabisa, mtawala habebi upanga bure, lakini upanga ni wa mtenda mabaya, mwenye kubomoa ukuta, si wa mtu aliyepiga kelele kwamba ukuta una ufa. Kuhani Amazia alimwambia nabii Amosi, aliyekuwa akikemea maovu, aondoke Betheli akatabirie kwingine na tunajua Mungu alikuwa upande wa nani.

eCitizen naipa nyota 3 kwa 5. Huduma yenyewe ni 4 na nusu, ulinzi ndio umeshusha.

Kitu kimoja kwa wazee wetu wanaofanyiwa kila kitu saiba, yaani duka la intaneti: akaunti nyingi zimefunguliwa kwa namba ya simu ya kijana wa saiba na paswadi iko kwenye daftari lake la kaunta, yaani OTP, ile namba ya siri ya kuthibitisha ukiingia, inaenda kwake. Nehemia alipanga watu walinde kila mtu kuelekea nyumba yake mwenyewe. Kwa hivyo wiki hii mketishe mama ama babu, ingia akaunti yake, weka namba yake mwenyewe, badilisha paswadi, na kama imekataa mpeleke Huduma Centre na kitambulisho chake.