Meza ya msumeno wa pembe: uzoefu wangu baada ya masika moja na kiangazi kimoja Mafinga

Nianze na hukumu: meza hii ya kukalishia msumeno wa pembe (mashine inayoshusha diski kukata ubao kwa pembe) inafaa, ila kwa sababu mbili tu, usawa wa mabawa yake (sehemu za pembeni zinazobeba ubao) na kizuizi cha kupimia, kinachosimamisha ubao ili vipande vyote vilingane. Droo na milango ambayo michoro mingi ya meza hizi imejazwa nayo haijanipa kitu zaidi ya mahali pa vumbi kulala. Ningeijenga upya leo, upande wa kulia ningeuacha wazi kabisa.

Yangu ina urefu wa mita 3.7: bawa la kushoto mita 1.8, nafasi ya mashine sentimita 70, bawa la kulia mita 1.2. Mashine ni ya kuteleza (kichwa chake huenda mbele na nyuma kwenye reli), diski ya inchi 10 (milimita 255), wati 1,800. Bawa la kushoto limefuata mbao zetu: zinauzwa futi 12, kama mita 3.66, kwa hiyo ukikata katikati, nusu nzima inalala mezani bila kuning'inia. Mwenye chumba kidogo apunguze bawa la kulia, la kushoto aliache.

Vifaa vilivyoingia: mbao 10 za inchi mbili kwa tatu za futi 12 kwa fremu (hesabu ni kama mita 31, zinazobaki ni za kufidia mafundo na mipasuko), marini bodi (plaiwudi ya kuhimili maji) 2 za milimita 18, skrubu za milimita 50 kwa fremu na za 35 kwa kufunga bodi, bolti 4 za M10 (unene wa milimita 10) zenye nati mbili mbili, gundi nyeupe ya mbao. Bodi ya kwanza ipasue kwa urefu upate vipande viwili vya sentimita 60: kimoja kinatoa bawa la kushoto, cha pili kinatoa bawa la kulia na sakafu ya mashine. Bodi ya pili ni ya fensi (ukingo wa nyuma ambao ubao unauegemea) na boksi la vumbi, na zaidi ya nusu yake inabaki.

Mtu atauliza, kwa nini kununua bodi wakati tumezungukwa na misitu? Kwa sababu paini ya shamba la miti la Sao Hill ikitoka kwenye mashine za dingdong (mashine ndogo za kupasua magogo) bado ina maji. Ukiifanya juu ya meza kwa mbao za moja kwa nane, kufikia kiangazi kila ubao umekunja kingo zake kama kigae, na mashine yako iko bondeni. Kwenye fremu paini inatosha, mradi imekauka. Ipange chini ya paa, vijiti vya inchi moja katikati ya kila safu, kila baada ya sentimita 50, upepo upite. Usitegemee wiki mbili, hasa ukungu wa Mufindi ukiwa umekaa. Kama huna kipima unyevu, kata kipande cha futi moja kutoka katikati ya ubao (kwenye ncha kunakauka haraka, kutakudanganya), kipime kwenye mzani wa jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, piga randa ujenge.

Kinachowashinda wengi ni kusawazisha. Kawaida watu huweka mashine kwanza, halafu wanahangaika kupandisha na kushusha mabawa mawili kuifuata. Geuza kazi. Simamisha mabawa kwanza, yafunge ukutani au sakafuni, vuta uzi kutoka ncha hadi ncha, weka kabari chini ya miguu mpaka uzi uguse sawa kote. Sakafu ya saruji ya karakana ya nyumbani haijawahi kunyooka, usiiamini. Kisha sakafu ya mashine ikalie zile bolti 4 za M10 kwenye pembe zake. Mzunguko mmoja wa M10 ya kawaida ni milimita 1.5, kwa hiyo robo mzunguko inakupa chini kidogo ya milimita 0.4. Unapandisha mashine mpaka uso wake uwe sawa na mabawa, au uzidi kwa unene wa kadi ya simu. Usiruhusu bawa lizidi mashine: ubao unainuka karibu na diski, na mkato unatoka na mshazari usiouelewa. Kaza nati ya pili juu ya ya kwanza, la sivyo mtikisiko utailegeza.

Fensi ya mabawa isiwe kwenye mstari mmoja na fensi ya mashine. Irudishe nyuma milimita 2 au 3. Ukiilinganisha kabisa, ubao wenye mgongo kidogo utagusa ncha ya fensi ndefu na kuachia fensi ya mashine, na hapo ndipo pembe ya nyuzi 90 inapopotea ingawa mashine haina kosa. Ubao uliopinda uwekwe mgongo ukielekea fensi, ukigusa pale pale diski inapopita. Ukiugeuza, kuna uwazi nyuma ya mkato, ubao unajifunga na kuibana diski.

Kizuizi changu ni kipande cha marini bodi kilichobanwa kwa klempu juu ya fensi. Njia za aluminiamu za kutelezesha kizuizi ni nzuri, lakini kwa anayekata miguu ya stuli na fremu za milango, klempu inatosha. Kona ya chini ya kizuizi ikate milimita 5 kwa mshazari. Bila hivyo unga wa mbao unajikusanya kati ya kizuizi na ubao, na kipande cha kumi kinatoka kifupi kuliko cha kwanza kwa unene wa unga huo. Kizuizi kiwe upande mmoja tu. Kipande kinachoanguka upande wa pili lazima kiwe huru. Kikibanwa katikati ya diski na kizuizi kinarushwa. Na futi ya kubandika kwenye fensi isibandikwe mpaka diski unayoitumia kila siku iwe imefungwa, maana diski nyembamba na nene hazianzi sifuri pamoja.

Kupima nyuzi 90 huhitaji kifaa cha bei. Chukua ubao mpana ulionyooka kingo zote mbili, ukate, geuza kipande kimoja juu chini, urudishe ncha zikutane huku zote zimeegemea fensi. Uwazi utakaouona ni kosa la mashine mara mbili. Guni (vifaa vya kupimia pembe mraba) nyingi za dukani zenyewe si sahihi, kwa hiyo njia hii naiamini zaidi.

Kasoro za meza yenyewe sasa. Kina cha sentimita 60 hakitoshi mashine ya kuteleza, kwa sababu reli zinatoka nyuma. Yangu imebidi ikae sentimita 25 mbali na ukuta, na nafasi hiyo imekufa. Bosch wanazo mashine za mkono wa kukunja zinazokaa karibu na ukuta, chumba kikiwa chembamba ni jambo la kufikiria. Vumbi nalo: mfuko unaokuja na mashine unashika sehemu ndogo. Boksi la marini bodi nyuma ya diski, wazi mbele, lenye sakafu ya mteremko inayomwaga kwenye gunia, linashika zaidi, si lote. Barakoa vaa. Mbao za dawa, zile za kijani kijani, maranda yake yasiende kwenye banda la kuku wala jikoni.

Umeme: wati 1,800 kwa volti 230 ni karibu ampea 8, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi. Waya wa kuongezea uwe wa milimita za mraba 2.5, na ukunjue wote. Ukiuacha umeviringwa unapata joto. Jirani akiwa anachomelea na taa zinapepesa, subiri. Mota inayoungurumia chini huku diski inasuasua inaungua pole pole.

Diski ya meno 24 hadi 40 kwa fremu, 60 hadi 80 kwa kazi ya kuonekana. Kwa paini yetu yenye utomvu mwingi, angalia nyuma ya meno: ukoko wa kahawia unaong'aa kama sukari iliyoungua. Ukiuona, na mkono umeanza kusukuma kwa nguvu, na mkato unanuka moshi, diski haijaisha makali, imeganda utomvu tu. Chomoa plagi, ifungue, iloweke dakika 15 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, sugua kwa mswaki wa zamani kufuata jino, ikaushe kabisa kabla ya kuirudisha.